Siku Niliyomfunga Pacha Wangu kwenye Gurudumu la Baiskeli

Nianze na upumbavu wenyewe, kwa sababu nikiuacha mwishoni wenzangu wa kidato cha tatu watanitangulia kuusimulia. Nilimchukua pacha wangu chini ya kitanda cha mama, nikamtoboa kwa msumari wa moto, nikamtia kwenye mfuko wa madaftari pamoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikaenda naye shule nikamfunga kwenye gurudumu la baiskeli. Nilitaka aigize shimo jeusi.

Msishtuke sana. Pacha wangu ni kibuyu. Yaani alikuwa mtu, kisha akawa kibuyu. Tulizaliwa wawili, mwenzangu wa kwanza, mimi wa pili, naye akafa kabla hata hajajua kwamba Mpanda ina vumbi. Kwa watu wa upande wa mama, Wanyamwezi wa kule Kaliua, pacha akifa mama yake hutafuta kibuyu kidogo cha kuenea mikononi, hukivika kitambaa, hukilaza pamoja na yule aliyebaki, na hukionjesha chakula kabla ya aliye hai kupewa. Kila mwezi mpya ukiandama, jioni, mama alikitoa, akakipaka mafuta, akakitikisa sikioni kwake, kikalia chaka chaka ndani, akakigusisha uji, halafu bakuli nikapewa mimi. Kilichokuwa kinalia sikukijua. Nilidhani mbegu.

Sababu ya kufanya hivyo aliniambia mara moja tu, bila kupamba: mwenzangu akiachwa na njaa atachoka kukaa peke yake, atakuja kunichukua.

Nilikua nikiona jambo hili kama kufagia uwanja. Lipo, linafanywa, basi. Shuleni nikaligeuza kichekesho. Sijafanya zoezi la hesabu? "Mwalimu, jana ilikuwa zamu ya pacha." Nimechelewa mstarini? "Pacha alikuwa bafuni." Darasa linacheka, nachapwa viwili, na mwalimu akiwa na roho nzuri siku hiyo ananiuliza kama cha tatu nimpelekee mwenzangu nyumbani. Nilikuwa mtu pekee mtaa wetu wa Majengo mzima niliyekuwa na marehemu wa kunifanyia kazi.

Sasa, mwalimu wetu wa fizikia. Ni kijana, ana tai moja, na ana tabia ya kuuliza swali halafu kulijibu mwenyewe kwa furaha kama mtu aliyekutana na rafiki. Mwanzoni mwa mwaka lilikuja boksi la vitabu vya msaada, na ndani yake mlikuwa na jarida la sayansi ambalo mchwa walikuwa wameanza kulisoma kabla yetu. Akatutafsiria kilichobaki.

Alisema kwamba katikati ya makundi makubwa ya nyota wataalamu wanashuku mna shimo jeusi lenye uzito wa majua mamilioni, ambalo mwanga ukiingia hautoki. Makundi mawili ya nyota yakikutana na kuungana, mashimo yao hayaungani siku hiyo hiyo. Yanabaki yanazungukana gizani, miaka isiyohesabika, kila moja likilivuta jingine.

"Mwalimu, kama hayaonekani, hao wataalamu wamejuaje yako mawili?" Aliyeuliza ni mwenzangu wa dawati, Msukuma, ambaye kwao wana ng'ombe wengi kuliko madawati ya shule yetu.

"Ng'ombe wako akipotelea porini unamtafutaje?"

"Naangalia nyayo. Naangalia majani yaliyolala."

"Basi na wao hawaliangalii shimo. Wanaangalia vilivyo jirani nalo vinavyohangaika."

Akatupa mfano. Kuna kitu kimoja mbali huko, mbali kusikofikirika, ambacho huwaka zaidi kila baada ya miaka kumi na kitu, kisha hutulia. Wataalamu wa nyota wakaenda kufukua picha za zamani zilizopigwa juu ya vioo, nyingine wakati Mjerumani bado anakusanya kodi ya kichwa huku kwetu. Waliozipiga walikuwa na shughuli zao na nyota nyingine. Kile kitu kilitokea pembeni kwa bahati. Na kwenye vioo hivyo kilikuwa kinawaka na kutulia, kinawaka na kutulia, kwa zamu ile ile. Mwalimu akasema kitu kilicho peke yake hakiwezi kukumbuka zamu namna hiyo. Pengine shimo dogo linalizunguka kubwa, na kila likipita katika sahani ya gesi ya moto inayolizunguka lile kubwa, mwanga unaruka.

Dalili ya pili ni mkondo. Mashimo mengine hurusha mkondo wa moto mrefu ajabu, na ukionekana umepinda kama nyoka, wanashuku shimo lililourusha lilikuwa linazungushwa na jingine.

"Kama mlevi anayekojoa huku anayumba, mwalimu," nikasema. "Asubuhi unakuta mchoro kwenye vumbi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akaninyooshea chaki. "Kaa chini," akasema. Kisha: "Lakini ndivyo."

Dalili ya tatu ndiyo iliyoniponza. Alituuliza kama tumewahi kusimama pale barabara inapokata reli wakati treni ya kutoka Kaliua inapita inapiga honi. Nani hajasimama? Ikija, honi ni kali, nyembamba. Ikishakupita inakuwa nene, inazama. Mwanga nao hufanya hivyo. Kinachokuja, rangi zake zinasogea upande wa bluu. Kinachokwenda, zinasogea upande wa nyekundu. Ukiona mwanga wa mahali pamoja una alama zilizogawanyika, nusu zinakuja na nusu zinakwenda, na miaka ikipita zinabadilishana, hapo unasema: huko kuna wawili.

Ukurasa uliofuata, wa kusema kama wamethibitisha, mchwa walikuwa wameumaliza. Mwalimu akasema si neno, hata wenyewe bado wanashuku na kusubiri. Akauliza nani atamletea wiki ijayo kitu cha kutusikilizisha jambo hilo kwa masikio. Nikanyoosha mikono miwili, mmoja wangu na mmoja wa pacha.

Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Baiskeli igeuzwe matairi juu. Kwenye gurudumu la nyuma ufunge vibuyu viwili vyenye tundu, mkabala, kimoja huku na kimoja kule. Mtu azungushe pedeli kwa mkono. Upepo ukipita kwenye tundu kibuyu kinavuma, kama unavyopuliza mdomo wa chupa. Kimoja kikija kwenu kingine kinakwenda, na masikio yanasikia sauti mbili zinazopishana. Kibuyu kimoja nilikuwa nacho, cha mbegu za maboga. Cha pili cha ukubwa ule ule sikukipata jikoni. Nilijua kilipo.

Sitasema nilisitasita. Nilikivua kitambaa nikakiacha chini ya kitanda kikiwa kimekunjwa vizuri, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo kwenda kuoga.

Darasani nilikuwa katika ubora wangu. "Mabibi na mabwana, huyu mnayemsikia kila siku leo mtamwona. Ndiye aliyenifanyia zoezi la ukurasa wa arobaini." Wakapiga madawati. Msukuma wangu akashika pedeli. Nikamwambia aanze taratibu.

Mwanzo tulisikia mnyororo tu. Kisha gurudumu likashika kasi, na cha mbegu kikaanza kuvuma, sauti ya kawaida, ya bomba. Halafu na cha pacha wangu. Sijui nikielezeje. Kilikuwa cha zamani, kimekauka mno, kimelishwa mafuta miaka kumi na sita. Hakikuvuma. Kililia. Sauti nyembamba, inapanda ikija, inashuka ikienda, inapanda, inashuka, kama mtoto mdogo anayevuta pumzi katikati ya kilio. Wasichana wa mbele wakaacha kucheka kwanza. Kisha wote. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, anatabasamu, maana kwake jaribio lilikuwa linafanya kazi.

"Punguza," nikamwambia mwenzangu.

"Nini?"

"Punguza, bwana."

Alidhani nasema ongeza. Au labda hakusikia. Mpira wa tyubu niliomfungia ukateleza na pacha wangu akaruka, akapiga ukuta chini ya ubao, akawa vipande saba au nane. Kati ya vipande mlikuwa na ushanga mmoja wa kiunoni, mweupe na bluu, umefungwa fundo. Wa kumtosha paka.

Mwalimu alinipa kumi na tisa kwa ishirini. Moja alikata kwa usalama.

Vipande nilivitupa shimo la taka nyuma ya jiko la shule. Ushanga nilishindwa. Niliuweka ndani ya kopo langu la vifaa vya hesabu, chini ya kipimapembe, nikalifunga kwa mpira ule ule. Mchana nikapita sokoni. Mama mmoja aliyeleta mbegu kutoka kijiji cha Mamba alikuwa amezitia kwenye kibuyu kidogo. Akakubali kubadilishana na mkanda wangu wa shule. Nikarudi Majengo nimeshika suruali kwa mkono mmoja na pacha mpya kwa mkono mwingine. Nikampaka masizi na mafuta ya mawese, nikamsugua mpaka akang'aa kizee, nikamvika kitambaa, nikamlaza. Nilifikiria rangi, nikafikiria uzito, nikafikiria mpaka harufu. Sauti sikuifikiria. Mimi niliyekuwa nimetoka kuwafundisha watu arobaini habari za sauti.

Mwezi uliandama siku ya nne. Mama alitoa kile kibuyu, akakipaka mafuta, akakipeleka sikioni na kukitikisa. Mkono ukasimama. Akatikisa tena. Akakihamishia sikio la pili, kama mtu anayeshuku simu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele yake, nasubiri uji, na nilijiambia sasa ndiyo sasa. Hakunitazama. Alikigusisha uji kama kawaida, akanipa bakuli, akabaki amekipakata kile kibuyu.

"Kula, baba," akasema. Basi.

Mama yangu ni mfanyabiashara wa mchele. Kila Jumanne hupanda lori kwenda Mamba, Alhamisi hurudi na magunia. Tangu nikiwa darasa la pili sijamwona akikosa, hata mwaka ambao mvua ilikata barabara alishuka akatembea. Jumanne ile hakwenda. Alisema mgongo. Jumanne iliyofuata hakwenda, na mgongo hakuutaja tena. Wateja wakija mlangoni anawaambia mchele umekwisha, nao wanaona umekwisha, wanataka kujua lini. "Sitoki," anasema. Baba alikuwa kwenye gengi la mafundi wa reli, hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza mara mbili.

Nikaanza kumchunguza. Nyuma ya daftari la fizikia niliandika siku zake. Asubuhi anagusa paji langu kwa mgongo wa mkono kabla sijafumbua macho. Nikienda kuoga anasimama nje ya bafu. Nikikohoa anaweka chini alichoshika. Chakula ananitazama mpaka tonge la mwisho, halafu chake anampa kuku. Kila kitu chake kilikuwa kimevutwa pembeni, na nisichokiona ni kile kilichokuwa kinamvuta.

Na mimi nilikuwa nasikia mambo. Nitasema ukweli, kwa kuwa hata mwenzangu wa dawati alinikuta nimesimama chini ya gata iliyotoboka, ile ya maji ya mvua, ya darasa la kidato cha kwanza, upepo unapita, inapanda, inashuka. Chupa tupu ya mafuta ya taa dirishani kwetu ilikuwa inafanya hivyo. Nikaiziba kwa kitambaa. Tundu la funguo nalo likaanza. Treni ikipiga honi kule makutano nilikuwa naziba masikio kabla haijapita, nisisikie ile sehemu ya kushuka. Mimi mwanafunzi wa sayansi, niliyepata kumi na tisa.

"Vipi, pacha wako kafungiwa?" mwenzangu akaniuliza. "Wiki ya pili hii unafanya mazoezi mwenyewe."

"Yuko likizo."

"Likizo ya wapi?"

Nikainama kufunga kiatu. Akanitazama vile anavyotazama ndama asiyenyonya.

Siri ilitoka mchana wa Jumatano. Nilikuwa ndani, mama yuko barazani na mama jirani, mlokole, ambaye wazazi wake walikuja wakikimbia kutoka Burundi na ambaye huzungumza na Mungu kwa sauti kuliko anavyozungumza na mume wake.

"Sasa mama, unakonda hivyo kwa nini? Biashara umeacha, unalinda mtoto mkubwa ana ndevu."

"Ndevu tatu," mama akasema.

"Hata kama tatu."

Mama akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwa naijua: "Mwenzake amenyamaza. Miaka yote nikimtikisa ananijibu. Mwezi huu nimemwita hakujibu. Nimemwita kila siku tangu hapo. Akinyamaza hivyo maana yake ameshaondoka pale nilipomlaza. Yuko njiani kumfuata huyu."

"Tuombe, mama."

"Omba wewe, dada yangu. Mimi nampeleka Kaliua na treni ya Ijumaa. Wazee wamfanyie tambiko upya."

"Na mitihani?"

"Mtihani anafanya aliye hai."

Nimewahi kufurahia kukosa mtihani kwa mafua, kwa msiba, hata kwa nyuki waliovamia shule. Huu sikuufurahia. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya pazia na kitu kimoja kilikuwa kimenielea vizuri kuliko fizikia yote. Alikuwa hanishuku. Hata chembe. Ilikuwa rahisi kwake kuamini kwamba mtoto wake wa kwanza anakuja kumuua wa pili, kuliko kuamini kwamba huyu wa pili amemwibia. Nikinyamaza, atakwenda Kaliua akiwa na hofu hiyo, wazee watafanya yao, na kila nikikohoa maisha yangu yote atasimama nje ya bafu. Nikisema, itabidi ajue mimi ni mtu wa namna gani.

Usiku huo nililala na kopo la hesabu tumboni. Alhamisi nilirudi shule mchana nikamkuta chumbani kwake anapanga begi. Shati langu jeupe, suruali, sweta, na juu yake kile kibuyu cha Mamba kimefungwa kitambaa kama mtoto wa mtu. Alikuwa amekilaza kwa uangalifu, kichwa juu. Ilinichoma kuliko kiboko chochote nilichowahi kula, maana masizi yalikuwa yameanza kutoka na kukichafua kile kitambaa, na yeye alikuwa anayafuta kwa kidole chenye mate.

"Mama, huyo si yeye."

Aliendelea kufuta.

"Mama, nilimchukua mimi. Huyo nimemtoa sokoni. Nilimbadilisha na mkanda."

Nilisema yote nimesimama, kwa sababu nilitaka miguu iwe tayari. Nilisema msumari, baiskeli, mashimo mawili yanayozungukana, treni ikija na treni ikienda. Nikajikuta namweleza mpaka zile picha za vioo za enzi za Mjerumani, kwamba watu hawajawahi kuona lile shimo la pili, ila wameona la kwanza linavyowaka kwa zamu, mwezi hadi mwezi, tuseme, na ndivyo walivyojua kwamba haliko peke yake. Hapo nikaacha fizikia. Nikasema kwamba gurudumu lilipokolea kasi alilia. Darasa zima lilinyamaza. Nilitaka asimame, nikachelewa. Kisha nikafungua kopo nikamwekea ushanga mkononi.

Mama alikaa kitandani. Mwiko ulikuwa karibu, na bakora ya baba ilikuwa nyuma ya mlango, na nilikuwa nimeshapima umbali wa vyote viwili. Hakuvigusa. Aliupitisha ule ushanga kati ya vidole, punje moja moja, mpaka akafika kwenye fundo, akarudi mwanzo. Kuku aliingia, akatoka. Nilimsikia mama anashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua gunia, akasema kama anajiambia mwenyewe, "Kwa hiyo hajaenda popote." Kisha akakitoa kile kibuyu cha Mamba ndani ya begi, akakiweka sakafuni, akapapasa kitandani pembeni yake ili nikae. Nilikaa mbali kidogo, mkono usifike.

Akazungumza bila kunitazama. Naandika kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Wewe ni mjinga, na fimbo zako zipo, baba yako akirudi utazipata zote. Lakini mwenzio siku tatu alizokaa na mimi hakulia hata mara moja. Watu walimfinya, wakammwagia maji, hakulia. Sogea hapa uniigizie, nisikie alivyolia."